Kamba ya Mjomba Mhina

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa nane, 1908

—na gurudumu lenyewe limepasuka vipande viwili! Gari la ng'ombe la Kaburu limelala hapa Korogwe, karibu na stesheni, linangoja fundi. Mimi kazi yangu kuwakatia ng'ombe wake majani. Anayewaendesha mtu mweusi, mfupi, jina Lukasi. Katoka kusini kabisa mwa Afrika, upande wa machweo, kaja na meli mpaka Tanga. Natamani kumwuliza kwao kukoje. Nimeshindwa. Lukasi akanicheka, eti mdomo wangu wa kulia ugali tu?

Treni imeshusha mnyororo mrefu wa chuma, wa yule mzungu mwenye shamba la mkonge. Wa kumfunga nani huo?

Jumanne, tarehe 4

Nimeuliza! Kwao pwani mchanga mtupu, mvua ya kubahatisha. Bara ndiko kwenye ng'ombe. Bendera yao hii hii ya kwetu. Kaiza, mfalme wa Wadachi, huyu huyu! Sikujua.

Mdachi aliingiaje? Lukasi katema mate. Mkubwa wao aliuza kipande cha pwani, upana maili ishirini. Maili alizozijua ni za Waingereza, fupi. Walipokwisha kupatana, Mdachi akasema zake ni za kwao Ulaya — moja inameza nne na zaidi! Nchi ikaenda hivyo. Baadaye vita. Watu wakafukuziwa jangwani, visima vikalindwa kwa bunduki. Hapo akawa anamkuna ng'ombe shingoni.

Nikawatilia ng'ombe majani.

Alhamisi, tarehe 6

Mjomba Mhina kapita kwenda gulioni. Shikamoo mjomba. Marahaba, we bubu! Anacheka, ana furaha. Mzungu wa mkonge kaomba shamba la ukoo, urefu wa kamba kumi tu kutoka njia ya Handeni. Na sisi tutasamehewa kazi ya lazima ya barabara. Kesho wanapeana mikono mbele ya wazee. Mjomba keshapima kwa kamba yake ya mbuzi — kumi hazifiki hata kisimani kwetu.

Mimi nikainama kufunga mzigo wa majani.

Alipokwenda nikamwuliza mtu wa stesheni, mnyororo ule wa nini? Wa kupimia mashamba, kasema, ndiyo kamba yao wazungu. Nikautazama ulivyojikunja pale chini. Lukasi naye akautazama. Hakucheka.

Jua bado lipo. Lazima niondoke sasa, nimuwahi mjomba kivukoni akirudi toka gulioni, kabla hajavuka. Sijawahi kumkatiza mkubwa maneno. Najifunza kusema hapa peke yangu: Mjomba, hizo kumi, kwa kamba ya nani?