Nilisogeza Harusi ya Mdogo Wangu kwa Ajili ya Gemu, Sasa Gemu Imesogezwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana huku kila mtu ameshanihukumu bila kunisikiliza, wakati mimi ndiye niliyeonewa kuliko wote.

Mimi ni fundi wa sofa, nina karakana yangu, natoa sponji zilizolala, nafunga spring mpya, navisha vitambaa, watu wazito wa mtaa huu wamekalia kazi ya mikono yangu, sinywi, sivuti, sizururi, starehe yangu ni moja tu, gemu, nikishaoga na kula nawasha mashine na kucheza kupitia intaneti na kikosi changu cha watu wanne, wao wananiita Kapteni, na sikujipa mimi jina hilo. Gemu tunayoipenda ilikuwa na sehemu mbili, ya tatu tumeisubiri miaka, mshauri, miaka, wenye kampuni wanatoa vionjo kidogokidogo, leo mlima, kesho ngome, keshokutwa sauti ya mtu anacheka gizani, na sisi tunavichambua kipande kwa kipande mpaka tunagombana, halafu wakafungua mlango wa kulipia kabla haijatoka, kikosi kizima tukalipia siku hiyohiyo, kwa sababu waliolipia mapema wameahidiwa kwamba wakiingia mchezoni jioni ileile ya kwanza watapewa farasi mweupe, na baada ya jioni hiyo farasi huyo hatolewi tena kwa mtu yeyote, hata ulie machozi ya damu. Gemu yenyewe imeshashuka yote kwenye mashine yangu, imo mle ndani na kufuli lake, na juu ya kioo kuna saa inahesabu kurudi nyuma, naitazama kila nikirudi kazini.

Basi, mdogo wangu wa kike akapata mchumba, na mchumba mwenyewe nilimleta mimi, ni mwalimu wa hesabu, yumo kwenye kikosi chetu. Wazazi wetu hatunao tena, tumelelewa na shangazi, ambaye tulipokuwa wakubwa alikwenda kufanya kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo na nyumbani huja kwa likizo tu, kwa hiyo mimi kaka mtu ndiye wa kumshika mkono bibi harusi na kumkabidhi kwa mumewe, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta ukumbi. Wakachagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mshauri, Jumamosi hiyohiyo jioni ndiyo gemu ilikuwa inafunguliwa, na siku za mwaka ziko nyingi! Nikawaambia ukumbi siku hiyo umeshachukuliwa, tukapeleka harusi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huohuo, kauli moja ndogo tu, hakuna aliyeumia, isipokuwa shangazi likizo yake inaishia katikati ya mwezi, akaomba aongezewe siku wakamkatalia, akasema tu, "Basi wanangu, mtanitumia picha," na kwamba kama ni hivyo likizo yenyewe atamwachia mwenzake, Ijumaa hii atatoa jibu kwa mkubwa wake wa kazi. Hilo likaisha.

Sasa sikiliza unyama niliofanyiwa. Wiki iliyopita nilikuwa nagongelea misumari kwenye mkono wa kochi, simu ikalia, kufungua nikakuta tangazo la kampuni, eti ili kuwapa wachezaji kitu bora zaidi gemu imesogezwa mbele, na wameisogeza hadi lini? Jumamosi ya mwisho ya mwezi! Siku ya harusi! Nilijigonga nyundo kidoleni, ukucha bado mweusi. Mshauri, watu wazima wenye maofisi wamechukua pesa ya watu, wameahidi, halafu wanaamka asubuhi na kubadilisha siku kama wanabadilisha soksi, hawajamuuliza mtu, hawajali watu wamejipangaje, hivi mtu anapata wapi ujasiri wa kuchezea tarehe za wenzake namna hiyo?

Nikiwa bado na uchungu huo, mdogo wangu akaenda ukumbini kuangalia mapazia, mama msimamizi wa pale akamuuliza mbona waliikataa Jumamosi ya kwanza na ukumbi uko wazi hadi leo. Mdogo wangu akamuuliza mchumba wake, na yule mwalimu, mtu wa kikosi changu, mtu niliyemfundisha kuvuka daraja la moto, akanichoma bila hata kupepesa macho, akasema siku hiyo ndiyo gemu ilikuwa itoke. Mdogo wangu akanijia karakanani mbele ya mteja.

"Kaka, ule ukumbi ulikuwa umechukuliwa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani? Mama wa pale anasema zaidi yako siku hiyo hajakuja mtu hata kuulizia."

"Labda wameghairi. We nawe unapenda kukuza mambo."

"Nakuza mambo? Kaka, umemuuza shangazi kwa farasi wa kwenye televisheni!"

Mteja aliyefuata stuli zake akajifanya anakagua mishono, mimi nimesimama na gundi mkononi kama mwizi. Mdogo wangu akasema nisijisumbue kushona suti, ataingia ukumbini peke yake, na kwamba yeye hatamwambia shangazi kitu, hilo ananiachia mwenyewe, tangu hapo hapokei simu zangu.

Swali langu ni hili. Je, niwaambie ukumbi umepata hitilafu ya umeme ili harusi isogezwe tena wiki moja mbele, au niende siku hiyo, nimkabidhi, kisha kabla ya hotuba nijifanye tumbo limenishika niwahi nyumbani? Shangazi usimtie kwenye hesabu, yeye keshakubali. Na huyu shemeji msaliti nimfanye nini, nimwondoe kikosini?

Ni mimi, Kapteni niliyeonewa.

MSHAURI ANAJIBU

Kapteni, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Ilibidi nikusome mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nimeshaanza kufoka peke yangu hapa mezani, jirani yangu wa ofisi akaniuliza nimepatwa na nini.

Nianze na pale ulipo na haki. Kusubiri kitu kwa hamu si kosa. Mtu anayeshinda amepinda mgongo juu ya kochi la mwenzake anastahili jioni yake, na sitakucheka kwa kupenda gemu ukiwa mtu mzima. Wapo wanaopenda mambo mabaya kuliko hayo. Kampuni hiyo nayo imekukosea. Kuchukua pesa kwa kitu ambacho hakijakamilika, kisha kuwaning'inizia watu farasi ili wasipate muda wa kufikiri, ni ujanja, na watu wazima mnaingia kichwakichwa. Hapo nipo upande wako. Ila haki yako imekomea hapohapo.

Umeuliza mtu anapata wapi ujasiri wa kuchezea tarehe za wenzake bila kuwauliza. Umeandika mwenyewe, kwa kalamu yako, na hukusimama hata kupumua! Wao walisogeza gemu, wewe ulisogeza harusi. Na wao, pamoja na ubaya wao wote, walitangaza. Wewe ulidanganya, ukaita kauli ndogo, ukarudi nyumbani kutazama saa inayohesabu.

Halafu unamwita shemeji yako msaliti. Mwalimu huyo amelipia gemu hiyohiyo na anamtaka farasi huyohuyo. Alichagua Jumamosi ile akijua wazi inaangukia siku gani, kwa sababu siku hiyo alikuwa na jambo kubwa zaidi la kufanya: kuoa. Ungeweza kumuuliza kabla ya kufungua kinywa chako, lakini hukumuuliza, kwa kuwa jibu ulilijua. Kumwondoa kikosini? Mshukuru kwamba bado anataka kuwa shemeji yako.

Sasa shangazi. Barua yako nzima ina nafasi ya mlima, ngome, ukucha mweusi na daraja la moto, lakini aliyewalea amepata mistari michache, na mwisho wake umeandika "hilo likaisha". Limeisha kwa nani? Mwanamke aliyewakuza ninyi wawili alipanga likizo yake yote kwa ajili ya siku moja. Akaambiwa siku imehama. Akawaomba wakubwa wake, akakataliwa. Akaomba picha. Na sasa anataka kumpa mwenzake likizo hiyo kwa sababu haoni tena la kuifanyia. Unaniambia nisimtie kwenye hesabu kwa sababu amekubali? Hakukubali, Kapteni. Alinyamaza kwa adabu, asiwaharibie furaha watoto wake.

Na linaloniudhi kuliko yote ni kwamba dawa unayo mkononi. Jumamosi ya kwanza haijafika. Ukumbi uko wazi, msimamizi amesema. Shangazi hajatoa jibu mpaka Ijumaa. Hata hiyo gemu yako haipo tena siku hiyo! Hakuna kinachozuia harusi kurudi mahali pake ila neno moja, "nimewadanganya", na wewe kuliko kulisema umeona ni afadhali ukate umeme wa ukumbi mzima, au uugue tumbo mbele ya wageni. Una miaka mingapi, kaka?

Haya, fanya hivi. Leo funga karakana. Mwenye kochi atakaa kwenye kiti cha mbao siku moja, hatakufa. Nenda ukumbini, mwombe mama yule akushikie Jumamosi ile ya kwanza asimpe mtu mwingine. Ukikuta imechukuliwa, zunguka hadi upate pengine, hata uwanja wa shule anayofundisha shemeji. Viti unajua kuvitengeneza, hema utakodi. Kisha mfuate mdogo wako, uende peke yako, usibebe mtu wa kukutetea. Mwambie ulichofanya na kwa nini, na umwache yeye na mwenzake waamue kama wanairudia siku yao. Usimwambie anakuza mambo. Wakikubali, waalikwa wote utawapigia wewe, mmoja baada ya mwingine, na atakayeuliza kwa nini tarehe inarukaruka, mpe sababu yenyewe. Mtajie na farasi.

Najua unachokiwaza sasa hivi: harusi ikirudi Jumamosi ya kwanza na gemu ikabaki ya mwisho, nitapata vyote viwili. Vipate. Mimi sina ugomvi na farasi. Lakini kumshika mkono bibi harusi na kuingia naye, hilo umelipoteza, na usithubutu kuliomba. Shangazi ndiye atakayemwingiza, na wewe utasimama mlangoni kuwaonyesha wageni pa kukaa. Mdogo wako akikuita mwenyewe usimame upande wa pili, hiyo ni huruma yake, ipokee kwa mikono miwili na usijitie ukapteni.

Ila kabla ya ukumbi, kabla ya mdogo wako, kabla hata hujalikunja gazeti hili, mpigie shangazi. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Mwambie ukumbi haukuwa umechukuliwa, ulidanganya, na unamwomba asimpe mtu likizo yake. Akinyamaza, subiri. Akikutukana, usikate simu. Akilia, hapo ndipo utakapojua ni kitu gani ulikuwa umekisogeza.