Buluu Iliyobaki Kwenye Ulimi

Alhamisi, mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, na hapa mtaani Majimbo majirani wanavaa makoti ya kanisani kwenda kununua maziwa. Mimi nimebaki kitandani na simu, naandika kwa kidole kimoja.

Jana mjukuu wangu Njeru alinipaka ulimi rangi.

Ni daktari wa meno huko Meru mjini. Kwa desturi yetu alipewa jina la babu yake, marehemu mume wangu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga namwita mume wangu, naye huniita Cucu, yaani nyanya, na kunitania kama mke. Nina kidonda ubavuni mwa ulimi ambacho kimekataa kupona. Alinisukutulisha kitu kikali kama siki, akanipaka buluu, akanisukutulisha tena.

"Cucu, toa ulimi. Leo umeanza kunionea aibu?"

"Mume wangu, umenitia wino kama mpiga kura."

Hakucheka. Rangi ilikuwa imetoka kote, isipokuwa pale penye kidonda.

Alinieleza polepole. Buluu hii hung'ang'ania mahali penye dalili za saratani, lakini hata kidonda cha kawaida huweza kuishika, kwa hiyo si hukumu. Iko pia dawa ya aidini, ambayo hufanya kinyume: hupafanya palipo pazima kuwa kahawia na kupaacha pabaya pamepauka. Iko pia taa ya kumulika kinywa bila rangi yoyote. Nikamwuliza kama hakuna mmea wa kazi hiyo. Akasema wako wanaojaribu hina badala ya rangi za viwandani, kwenye vipande vya nyama ya mwili vilivyokwisha kukatwa, vinavyotazamwa kwa darubini. Lakini buluu, aidini na taa huonyesha tu pa kutazama. Ili kujua, lazima wakate kipande.

Nilisema nitafikiri.

Nilidanganya. Nilikuwa nimeshaamua kukataa. Nakaribia miaka tisini; nizikwe na ulimi wangu mzima.

Leo nimeamka na ladha ya siki kinywani, nikamkumbuka Njeru wa kwanza.

Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapigania uhuru, nilikuwa msichana wa shule. Tulikuwa tumefungiwa kijijini, handaki pande zote na lango moja. Nilitoka vidonda mdomoni, na kijana wa zahanati, ambaye sikumjua kwa jina, akanipaka ile dawa ya zambarau ya siku zile. Niliporudi na mama, askari wa langoni waliona midomo yangu wakaamini ni damu, kwamba nimelishwa kiapo cha wapiganaji wa msituni.

"Hii umekula nini? Nani alikulisha?"

Waliochukuliwa kwa ajili ya kiapo hawakurudi upesi, na wengine hawakurudi. Mama alikimbilia zahanati. Yule kijana akaja na chupa yake. Hakubishana. Alichovya pamba, akajipaka ulimi wote, akautoa mbele ya bunduki zao.

"Haya, na mimi nifungeni. Na kama kuna mzee hapa ana kidonda, akuje nimpake, ni bure."

Mmoja aliangua kicheko. Mwingine, baada ya kusitasita, akapanua kinywa aonyeshe jino lake bovu. Mama akanivuta mkono, tukapita.

Kijana huyo ndiye Njeru aliyekuja kunioa, na maisha yake yote nilimwambia nilimpendea mwandiko wake mzuri. Nakiri sasa, maana sina muda wa kuficha: nilimpendea ule ulimi wa zambarau. Alikuwa akiogopa pia. Lakini hakuniacha niogope peke yangu.

Na mimi jana nilimwacha mjukuu wangu aogope peke yake. Niliposema nitafikiri, alienda kwenye sinki akanawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi, akainawa tena, amenipa mgongo.

Kwa hiyo asubuhi nimempigia.

"Mume wangu, kateni."

"Cucu, mimi siwezi. Kwako nitakosea. Atakata mwenzangu."

"Sawa. Wewe utanishika mkono. Na usinitie haya mbele ya wenzako."

"Wewe ndiye utapiga kelele," akasema, akanipangia siku.

Nitakatwa Jumatatu. Majibu yakiwa mabaya, nitajua, na nitazitumia asubuhi zilizobaki nikijua. Yakiwa mazuri, nitamsumbua miaka mingine.

Sijui leo nimwombe Mungu nini: mimi nipone, au yule mtoto asilie mbele ya wagonjwa wake.

Nadhani nitaanza na mtoto.