Nani Kaugusa Mtego wa Mbweha?

Ijumaa, mchana. Vumbi limetanda mtaa wetu wote wa Ghubra tangu asubuhi, jua liko lakini halionekani vizuri. Tumeshakula, Mama amelala, kiyoyozi kinanguruma. Nyumba imetulia. Mimi sijatulia.

Nianze na kukiri, maana nikizunguka nitakimbia: wiki hii nimemdhania mtu ubaya, na sikuishia kudhania.

Tabia yangu naijua. Nasomesha hesabu sekondari, na nimesimamia mitihani miaka kumi na saba. Mtoto akikuna sikio, mimi natafuta karatasi. Akiomba ruhusa ya chooni, natazama saa. Mume wangu kazi yake iko mbali, Duqm, anarudi kila baada ya wiki mbili, na husema hata akiniletea zawadi inabidi kwanza ajitetee. Huwa nacheka akisema hivyo.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kitupu, chenye rundo la matofali mabovu na mkunazi mmoja. Chini ya matofali yale mbweha jike amezalia. Ni mwekundu, mwembamba, masikio makubwa kuliko kichwa, na kila siku alfajiri hupenya kwenye tundu la maji chini ya ukuta akaingia uani kwetu, nyuma ya jiko, kutafuta mabaki. Tumekaa naye hivyo miezi miwili bila ugomvi. Ugomvi umeanza mwenye kiwanja alipotutumia ujumbe majirani wote: Jumapili katapila linaingia kusawazisha.

Katapila halipigi hodi. Nikawapigia simu watu wa wanyamapori.

Jumatatu wakaja wawili na gari lenye kizimba. Mkubwa wao anaitwa Said, kijana wa makamo, babu zake walirudi nchi hii ya Kiarabu kutoka Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha bara kilichochovywa kwenye Kiarabu. Akauweka mtego uani kwetu, kizimba cha waya chenye mlango unaoanguka, na ndani yake vichwa viwili vya jodari. Alivaa glavu tangu aliposhuka garini.

"Mama kwanza, ukhti," akaniambia. "Watoto bila mama hatuchukui, watakufa njiani. Tukimpata mama tu, watoto tunawatoa saa ileile, wanaondoka pamoja. Lakini huu mtego, khalas, asiusogelee mtu. Huyu mnyama ananusa mkono wako hata kama uliuosha jana."

Akauliza watoto wa mbweha ni wangapi. Nikamjibu wawili, bila kusita. Nilikuwa nimewaona mara tatu juu ya matofali, wawili wawili.

Mueni alikuwa kwenye kamba anaanua nguo. Mueni ni Mkenya, wa Kitui, anafanya kazi kwetu mwaka wa nne sasa. Ananiita Dada, na Mama anamwita mwanangu. Alikuwa anamtazama Said kwa jicho la pembeni.

"Kwani wanawapeleka wapi, Dada? Na tutajuaje hawatawauza?"

Swali lenyewe lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo kichwani. Lakini lilipotoka kinywani mwake nikaliandika pembeni, kama ninavyoandika namba ya kiti cha mtahiniwa.

Jumanne mtego ulikuwa mtupu. Jumatano mtupu tena. Said aliinama akanionyesha nyayo kwenye mchanga: mbweha alipita tunduni, akaja mpaka hatua mbili kutoka kwenye kizimba, akasimama, akageuka. Siku zote mbili palepale.

"Kuna kitu kimemtia wasiwasi," Said akasema. "Kuna mtu kaugusa mtego, ukhti. Au kauosha, au kaupaka kitu. Mimi nasikia harufu ya samaki tu, lakini pua yake si yangu."

Akanikumbusha kwamba Ijumaa ndiyo mwisho. Jumamosi wanaitwa kwingine, na Jumapili ni katapila.

Tangu hapo kichwa changu hakikupumzika. Kwanza nilimfikiria jirani mfuga kuku, nikamfuta, maana yeye ndiye aliyetaka mbweha waondoke jana si leo. Nikabaki na watu wa nyumbani. Mama ndiyo kwanza karudi umra, hana habari na mbweha. Kila siku baada ya alasiri wanawake wa mtaani wanakuja kumpongeza na kunywa kahawa, na yeye shughuli yake ni wageni. Akabaki mmoja. Aliyeuliza maswali. Anayewatupia watoto wa mbweha ukoko wa wali. Ambaye Jumanne alfajiri nilimkuta amesimama kwenye mlango wa jiko unaotoka uani, simu mkononi.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nilijiona nina akili sana.

Jumatano jioni nikamfuata jikoni. Alikuwa anakata vitunguu. Nikamuuliza kama amegusa mtego. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, kwa ile sauti ya chumba cha mtihani. Akaweka kisu chini.

"Dada, mimi sijashika hiyo kitu. Ningetaka hao watoto wabaki na mama yao. Sasa niharibu mtego ya nini?"

Nikamwambia anipe simu yake.

Nimeiandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeirudisha. Ibaki.

Alifuta mikono kwenye kanga, akaifungua mwenyewe, akanipa. Kulikuwa na vidio za mbweha tele, alizipiga alfajiri akiwa mlangoni. Anamtumia bintiye, yuko darasa la pili, anaishi kwa bibi yake Kitui. Kwenye ujumbe mmoja wa sauti mtoto anawataja wale mbweha kwa majina aliyowapa mwenyewe, na anauliza kama mama yao huwa anarudi kila siku. Nikasikiliza mpaka mwisho, simu ya mtu, mwenyewe amesimama mbele yangu macho yanamchuruzika vitunguu. Au si vitunguu. Sikuuliza.

Mtu mwingine angeomba radhi palepale. Mimi nikasema, "Hata hivyo," nikaufunga mlango wa jiko wa uani, nikamwambia asitoke huko mpaka mbweha waondoke. Nguo ataanika juu ya paa. Ufunguo nikauweka juu ya friji, mahali anapoujua, makusudi. Nilitaka nione kama atauchukua. Said ametega mtego wake, na mimi nikatega wangu.

Jana, Alhamisi, mtego mtupu kwa mara ya tatu. Nikamwongopea mwalimu mkuu kwamba kichwa kinaniuma, nikatoka shule mapema, nikaegesha gari mtaa wa pili karibu na duka la mkate ili mtu asinisikie, nikaingia kwangu kwa kunyata. Mwanamke wa miaka arobaini na tano ananyata ngazi za nyumba yake, viatu mkononi! Nikajibanza kwenye dirisha la juu linaloangalia uani, nikasubiri.

Alasiri ikapita. Mlango wa jiko haukufunguka. Ukafunguka mlango mwingine, ule wa chumba cha Mama, ambao unatokea uani na hautumii mtu isipokuwa yeye.

Akatoka Mama na chetezo.

Alikuwa anakipeperusha kwa kipepeo cha ukili, moshi wa udi unapanda. Akaufikia mtego, akauzunguka polepole, akakipitisha chetezo chini yake, juu yake, mlangoni, kama anavyofukiza kitanda cha bibi harusi. Midomo inamcheza kwa dua. Alipomaliza akatazama kazi yake, akaridhika, akarudi ndani kupokea wageni.

Siku tatu hizo harufu ilikuwa mbele yangu na sikuijua. Nyumba yetu inanukia udi kama nyumba nyingine zinavyonukia rangi mpya. Nguo zangu, mapazia, nywele, mto ninaolalia. Mimi udi nikiusikia najua niko nyumbani tu. Na Said akija alfajiri moshi ulikuwa umeshatoka, vichwa vya jodari vimezidi nguvu pua ya binadamu.

Nikashuka mbio. "Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?" Mama akanishangaa. "Watu wanakuja kunipa mkono wa umra, wanapokewa na uvundo wa samaki? Siku zote hizi nnafukiza mimi, miye nnaona haya, nyinyi hamwoni. Na yule mnyama naye anahamishwa kwake, si afadhali aondoke na dua? Udi ushamdhuru nani, mwanangu?"

"Said alisema usiguswe!"

"Nami sikuugusa. Nimeufukiza."

Kwa kweli hakuugusa.

Nikampigia Said. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa. Akaja magharibi na mtego mwingine, akausugua kwa mchanga wa kiwanjani, akabadilisha samaki, akampa Mama heshima zake zote na kumwomba, kwa hisani yake, usiku huu chetezo kilale. Mama akamwekea halua afungashe.

Na Mueni? Ufunguo ulikuwa bado juu ya friji, hakuusogeza hata kidogo. Niliutia kwenye mkoba wangu. Mueni alikuwa anawaandalia wageni kahawa. Nikapita nyuma yake mara mbili. Nilijiambia nitasema naye kesho, wageni wakiisha, nikiwa nimetulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, na haya zangu nikaziita subira.

Leo alfajiri, nimemaliza kusali tu, nikasikia mlango wa mtego umeanguka. Said na mwenzake walikuwa garini nje. Tukatoka nao uani kwa mlango wa Mama. Mbweha alikuwamo. Hakupiga kelele. Alikuwa amejikunyata pembeni, anatutazama, tumbo linapanda na kushuka haraka. Said akamfunika kwa kitambaa, akaongea naye kwa Kiarabu, taratibu, kama anavyoongea mtu na mgonjwa. Nilimwamini Said dakika ile, mimi nisiyemwamini mtu.

Wakaenda kwenye matofali. Mimi nikabaki uani, natazama kwa juu ya ukuta, nimesimama kwenye ngazi. Mtoto wa kwanza akatoka, anang'ata glavu. Wa pili baada yake. Said akawaleta uani, akawaweka kwa mama yao, akafunga, akainua kidole gumba.

Wakaanza kubeba vifaa kuelekea garini.

Ndipo nikasikia kishindo nyuma yangu. Mueni alikuwa ndani ya jiko, anaugonga mlango wa vioo kwa viganja vyote viwili, anapiga kelele. Sauti haikufika vizuri. Nilifikiri moto. Nikashuka ngazi, nikaona midomo yake.

"Watatu! Dada, wako watatu!"

Mlango nimeufunga mimi. Kwa Mama palikuwa wazi, lakini nilimkataza kutoka uani, naye akatii; na mimi sikukumbuka ila ufunguo. Ufunguo uko kwenye mkoba, mkoba uko juu chumbani. Nilikimbia ngazi za ndani kama sijawahi kukimbia, nikaumwaga mkoba kitandani, nikarudi, ufunguo hauingii. Nje gari limeshawashwa. Mlango ulipofunguka Mueni alinipita bila kunitazama, akatoka nje miguu mitupu, akasimama mbele ya gari la serikali mikono juu.

Akamwonyesha Said vidio. Watatu. Wa tatu ni mdogo, hatoki nje na wenzake. Hulala peke yake ndani ya bomba lililovunjika upande wa mkunazi. Mimi mwalimu wa hesabu nilihesabu wawili, na nilikuwa nimeishika simu ile mkononi Jumatano jioni. Watatu walikuwamo mle. Sikuwaona, kwa sababu sikuwa natafuta mbweha.

Said alilala kifudifudi, mkono wake ukaingia bombani mpaka begani. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoutoa, kiganjani kulikuwa na kitu kidogo chenye masikio, kinapepesa macho. Mwenzake akafungua kizimba inchi chache. Mama yake alikinusa, akaanza kukilamba.

Said hakutuambia wanakopelekwa. "Milimani, mbali," alisema. "Nikiwatajia, Ijumaa ijayo mtakuja na mikeka na birika la chai." Saa tano akanitumia vidio: kizimba kinafunguliwa kwenye bonde la mawe, jike anatoka, anasimama, watoto wanamfuata. Nimeitazama mara nne. Nimehesabu mara nne.

Nilimwomba Mueni radhi leo asubuhi, wakati anavaa kwenda kanisani, maana huku ibada yao huwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Nilisema yote: simu, mlango, ufunguo wa juu ya friji. Nilisema nimekosa, na sikutia "lakini" hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafunga vifungo vya mkono.

"Imeisha, madam," akasema.

Miaka minne nilikuwa Dada.

Halafu akachukua Biblia yake na mwavuli. Mlangoni akageuka, akanieleza kwa adabu, bila hasira yoyote, kama mtu anayeniambia maziwa yamekwisha: "Nitarudi saa nane. Chumba changu sijafunga. Kabati pia nimeacha wazi."

Sikumwomba hilo. Wallahi sikumwomba.

Nimepita pale mara tatu tangu aondoke. Kitanda kimetandikwa, picha ya bintiye iko ukutani, milango ya kabati imefunguliwa yote miwili, nguo zake zinaonekana zote, hata zile ambazo mtu huzificha. Nikiufunga mlango, akirudi atajua nilifika hapo. Nikiuacha wazi, nakubali kwamba hivi ndivyo atakavyoishi ndani ya nyumba yangu.

Saa nane kasoro robo. Niufunge?