Nilimwita mwanangu jirani

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimesema uongo na sasa unaninyima raha. Mimi ni mjane wa miaka sabini, Mkatoliki, naishi peke yangu Singe, na tangu mwaka jana wanafunzi wa shule moja ya Wayahudi hapa Babati wanajitolea kunisaidia, Jumamosi ni Sabato yao kwa hiyo wanakuja Jumapili nikishatoka misa, wananichotea maji, wanapalilia mahindi, na binti mmoja, Irine, hunisomea Zaburi kwa sababu macho yangu hayawezi tena herufi ndogo, tunacheka, na nyumba yangu inakuwa na watu. Siku ya kwanza mwalimu wao, Wilbert, aliniuliza kama nina watoto, nikasema sina. Ninaye mmoja, Nestory, yuko Sigino, ila miaka minne iliyopita alifunga ndoa kwa Walutheri, kanisani kwa mke wake Vailet, nikakataa kwenda, na tangu hapo hatuzungumzi.

Jumapili iliyopita tukiwa shambani nikashangaa Nestory anaingia, akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, Irine akauliza, "Bibi, huyu ni nani?" na mimi sijui nilishikwa na nini, nikasema, "Ni jirani." Nestory alinitazama, akachukua jembe akapalilia pamoja nao mpaka mstari wa mwisho, halafu akaondoka bila kuaga. Irine akaniambia yule jirani amemuuliza watarudi lini. Jumapili hii wanakuja kunibadilishia mabati yaliyotoboka, na hapa karibu yupo mzee Amos ambaye kweli hana mtu, na paa lake ni bovu kuliko langu. Nikisema kweli naogopa watoto hawatakuja tena, nikinyamaza nashindwa hata kusali. Nifanye nini?

Mama Nestory, Singe

*

Shikamoo, Mama Nestory. Nimekuita kwa jina ulilosaini mwenyewe, maana asiye na mtoto hasaini hivyo.

Pole kwa upweke. Nyumba ikikaa kimya miaka minne, mtu anaweza kusema lolote ili wageni warudi. Lakini umekosea, mama, na sitakuficha. Watoto wa Kiyahudi umewapokea, mnasoma Zaburi pamoja, na hakuna anayemuuliza mwenzake anasali wapi. Mkweo Mlutheri umemfungia mlango. Hilo unalielezaje? Na Nestory, mtu aliyekataliwa na mama yake mbele ya wageni angeweza kugeuka na kuondoka. Yeye alimaliza palizi, akauliza siku ya kurudi.

Basi nenda Sigino kesho asubuhi, usimtume mtu. Msalimie Vailet kwanza, kisha uwaombe radhi wote wawili, na usijitetee. Jumapili, kabla mtu hajapanda juu ya nyumba, waambie Mwalimu Wilbert na wanafunzi ukweli, Nestory akiwa amesimama kando yako, na uombe mabati yaende kwa mzee Amos. Watoto wanaofundishwa kuwaheshimu baba na mama watakuwa na maswali. Yajibu. Irine anaweza kununa kidogo, lakini sidhani alikuwa anakuja kwa sababu huna mtoto. Anakuja kwa sababu anakupenda, na hilo halikuwa uongo.

Paa lako mwachie Nestory. Kazi hiyo ni yake, na nadhani ndiyo aliyokuja kuiomba.