Kioo Ni Kizima

Jumatatu, 8 Juni

Likizo. Nimefagia studio, nimefuta vumbi la barabarani kwenye kaunta, nimewasha kompyuta. Mjomba Elia amenikabidhi kiti cha kurekebisha picha. Nikiweza, nikimaliza kidato cha nne kazi ni yangu. Sijamwambia mtu jinsi ninavyoitaka.

Kioo cha kompyuta ni kipya kwetu. Mjomba amekinunua kwa mtu mjini Singida. Kinaonyesha rangi nyingi kuliko vioo vya kawaida. Nimemaliza picha zote za harusi ya Mwalimu Rehema.

Jumatano, 10 Juni

Mwalimu Rehema amerudisha albamu. Anasema uso wake umetoka kijani.

“Elia, niliolewa au nilizikwa?”

Wateja wamecheka. Yeye hakucheka. Mjomba ameahidi nyingine Jumatatu. Baadaye akaniambia zikiharibika tena, kiti atakikalia mwenyewe.

Nimezitazama zile picha. Sikuona ubaya.

Jioni nimesoma. Kioo cha namna hii kisipopimwa hukoleza nyekundu kupita kiasi. Anayekitumia huipunguza bila kujua, na karatasi ndiyo inayoumia. Basi kosa ni la kioo. Nimefurahi, kidogo.

Alhamisi, 11 Juni

Mpiga picha mmoja wa mjini ametuazima kipima rangi. Kidude kidogo, kama kipanya cha kompyuta. Kinaning'inizwa mbele ya kioo, jicho lake limelala juu ya kioo chenyewe, na kipande kizito cha kukishikilia kinashukia nyuma.

Nimeacha kioo kipate moto kwanza. Nimeshusha pazia. Programu ikaanza kuonyesha mabaka ya rangi, moja moja, na kidude kikawa kinasoma kila baka. Nyekundu. Kijani. Bluu. Kijivu, nyingi. Kompyuta ikahifadhi vipimo vya kioo, nikapima tena kuhakiki. Tofauti iliyobaki ni ndogo mno, jicho la mtu haliwezi kuiona.

Kioo ni kizima. Nimerekebisha picha upya, zote.

Ijumaa, 12 Juni

Kijani tena, wanasema.

Mjomba amelaumu printa. Nikachapa picha aliyoirekebisha yeye mwezi uliopita. Imetoka safi, kila mtu kasema. Printa nzima. Kioo kizima.

Mchana mdogo wangu Neema alituletea chakula. Akachungulia begani kwangu.

“Kaka, huyo bibi harusi vipi? Mbona kama kapakwa mlenda?”

Hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa anatazama kioo.

Nikamwambia anionyeshe wapi. Akaweka kidole shavuni. Nikatazama pale pale kwenye kidole chake. Shavu tu.

Nilipokuwa mdogo nilitumwa shambani nyanya zilizoiva, nikaleta mbichi. Nilichapwa. Mama alisema akili yangu iko kwenye vitabu. Na mimi niliamini hivyo.

Sihisi kitu. Nimekula ugali wote.

Jumamosi, 13 Juni

Nimemwambia Mjomba asubuhi. Shikamoo, kisha hilo la macho yangu na rangi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache.

Alichukua kalamu mbili kwenye kaunta, akazificha vifuniko. Ipi nyekundu? Nilibahatisha. Nikakosa.

“Aisee. Pole, mpwa wangu.”

Akavuta kiti, akakaa. Mimi nikasimama. Hakunifukuza, wala sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumapili, 14 Juni

Kanisani. Niliimba. Sikumbuki tulichoimba.

Jumatatu, 15 Juni

Mjomba amemaliza albamu. Mwalimu Rehema ameichukua, ameshukuru, ameondoka.

Mezani zilibaki picha mbili za uso wake, yangu na moja aliyochapa Mjomba ikazidi. Nimezipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nimezitazama muda mrefu.

Nikamwuliza Mjomba ipi ya kutupa. Akanionyesha. Nimeitupa.