Bati la Upande wa Ukutani

Bukoba, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa lina rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nimeingia kwenye duka la intaneti na grisi bado iko kwenye kucha. Mwenye duka ametandika gazeti juu ya kiti kabla sijakaa. Sina ugomvi naye. Leo ugomvi wangu ni na mtu mmoja tu, na ndiye anayeandika.

Mnaonisoma mnajua ninavyogombana. Nimegombana hapa kwenye blogu na madiwani, na wachungaji, na wasomi wetu wanaokuja Krismasi kula senene na kutufundisha maisha. Kosa nililowabebesha wote ni moja: kusahau. Kwamba mkoa huu ulipigwa vita, kisha ukazika watu miaka yote ile, kisha ukapaka chokaa juu ya kila kitu na kusema tusonge mbele. Nimeliandika hilo kwa ukali mara nyingi mpaka nikaanza kujipenda.

Karibu mwaka mzima sasa, watu sita tunafufua injini ya mvuke iliyokuwa ikiendesha kinu cha zamani cha kukobolea kahawa, njia ya Kashozi. Tunajitolea. Bukoba haijawahi kuona reli, kwa hiyo hii yenye boila ndefu, bomba la moshi na magurudumu manne ya chuma ndiyo treni yetu, na wanafunzi wanaiita hivyo. Treni ambayo haijawahi kwenda popote. Mkuu wetu, mzee tunayemwita Ta Byabato, fundi mstaafu wa meli, anasema kwa hilo inafanana na mkoa wenyewe.

Jumamosi tunaiwasha. Kuna mgeni rasmi, kuna kwaya, kuna utepe.

Wakati wa vita dizeli ya kinu ilikwenda jeshini, na vita ilipokwisha haikurudi. Aliyeitoa injini hii kwenye nyasi, ilikokuwa imetupwa, alikuwa Ta Mutalemwa, nyapara wa kinu. Aliilisha kuni na makapi ya kahawa, na wakulima wakaleta kahawa yao kutoka hata Muleba. Halafu vijana wake wakaanza kukonda. Wakati ule ukimwi tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, maana jina la kitambaa lilitamkika. Mwisho akafa Mutalemwa mwenyewe. Alikuwa rafiki yangu. Sikwenda kumzika. Nilisema nina makala ya kumaliza.

Makala ilihusu ubinadamu.

Hilo sijawahi kuliandika hapa.

Leo saa nne, tukiwa tunakaza nati za mwisho, akaingia mwanamke mwenye mwavuli, mwalimu kutoka Kamachumu. Alisikia kanisani kwamba injini inawashwa. Akapiga goti kutusalimu, akajitaja: Kokushubila, binti wa Mutalemwa. Mara ya mwisho nilimwona akimletea baba yake chakula. Byabato akamtania kwamba amechelewa, kazi chafu imekwisha, na mwandishi wetu ndiye aliyeifanya, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Koku akacheka kwa adabu. Kisha akazunguka nyuma ya injini, upande wa ukutani ambako hakuna mgeni atakayefika, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya bati linalofunika boila. Tumelipaka kijani. Linang'aa.

"Tata," akaniita, kama mtoto anavyomwita baba, "bati hili ni lile la zamani, au mmeweka jipya?"

"Ni lilelile," nikasema kwa majivuno. "Nimelisugua mwenyewe hadi chuma."

"Umelisugua."

Hakuinua sauti. Alieleza kama anavyoeleza darasani. Boila yenye mvuke haiachwi peke yake. Lazima mtu abaki na moto na macho yake yakae kwenye geji ya presha. Kwa hiyo kila mwenzao alipofariki, wengine walikwenda kuzika, na mmoja au wawili walibaki. Misiba ilipozidi, kuna waliobaki mara tatu mfululizo bila kutupa udongo kwenye kaburi la rafiki. Ndipo Mutalemwa akaleta kopo la rangi nyeupe. Siku ya mazishi, aliyebaki kwenye moto aliandika jina la marehemu pale chini kwenye bati, na mwezi aliokufa, kisha akaongeza kuni. Huo ndio ulikuwa msiba wake. Jina la mwisho, la Mutalemwa, aliliandika Koku mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuja leo kuona kama mwandiko wake ulikuwa mbaya kama anavyoukumbuka.

Sasa nieleze nilivyofanya. Nilikuwa nimesoma kijitabu cha watu wa Ulaya wanaofufua treni zao, na kijitabu kilisema kila bati lisafishwe hadi chuma kitupu kabla ya rangi. Nikakitafsiri kwa Kiswahili kizuri, nikakibandika ukutani, nikawa mkali kwa kila aliyeacha doa. Bati la upande wa ukutani nilijipangia mimi. Chini ya grisi kulikuwa na maandishi. Niliyaona. Nikafuta kwa kitambaa, nikasoma majina mawili yenye miezi pembeni, nikajiambia ni orodha ya zamu.

Nikachukua brashi ya waya.

Byabato alinikuta nikisugua, akaniuliza mbona mwandishi yuko kimya, ana malaria? Nikamjibu kwamba nafanya kazi.

Nilimwambia Koku yote hayo. Nilimwomba anitajie majina, nikatoa daftari, kalamu tayari, mwepesi kama ninavyokuwa kila mara msiba ukiwa wa mwenzangu. Akaliangalia daftari.

"Baba alinifundisha yote kwa mpangilio," akasema. "Sikupi. Ulisoma mangapi?"

"Mawili. Byera na Rutta."

"Na la baba?"

"Sikufika huko."

Akanyoosha kidole kwenye bati. "Andika hayo mawili. La baba nitaandika mimi. Palipobaki pasipakwe kitu."

Nikajaribu kusema kwamba Jumamosi nitasimama mbele ya mgeni rasmi na kueleza habari ya wale vijana. Byabato, ambaye hajawahi kunikatiza, akanikatiza. "Mwandishi, waitu, tafadhali, leo shika rangi tu." Akanipa kopo la rangi nyeupe.

Nikapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya mvua nikaandika. Byera. Rutta. Miezi sikuikumbuka. Kati ya Rutta na Mutalemwa kuna kijani kitupu chenye urefu wa mkono wangu. Koku aliandika jina la baba yake kwa mwandiko safi wa mwalimu, akautazama, akasema ule wa kwanza ulikuwa mbaya zaidi lakini aliupenda. Akafungua mwavuli akaondoka. Sijui kama Jumamosi atakuja.

Nilipokuwa natoka, nilimwomba Byabato aifiche brashi ya waya. Akaniuliza aifiche nani asiione.

Mimi, nikamwambia.