Mifuko Thelathini na Moja ya Kando ya Ziwa

Siku ya posho, tarehe 6 mwezi wa ine 2024

Salongo ya posho, kazi ya wote ya kusafisha avenyu, imeisha. Mgongo unauma. Avenyu yetu iko na nyumba sitini na kitu — waliokuja ni wamama saba na mzee mmoja kiziwi! Wengine walisimama mlangoni, mikono kifuani, wakituangalia kama tuko sinema. Kijana wa pikipiki akapita, akanionyesha kwa kidole: Koko, bibi yangu, pale umesahau moja! Na sashe ya maji aliyokuwa ananyonya akaitupa hapo hapo. Nikamkimbiza na ufagio mpaka barabarani. Sikumfikia. Miguu ya miaka sitini na nane haifikii pikipiki.

Lakini mifuko ni thelathini na moja. Nimehesabu mara mbili. Chupa, sashe, pampasi — pampasi za watu ambao kanisani wanakaa mbele! — yote tumetoa kando ya ziwa, pale pale tunapochota maji. Midomo ya mifuko nimeifunga minye mwenyewe, na vipande vya kitenge changu cha kijani kilichochakaa. Tumeipanga kando ya barabara. Kamyo, lori la kuibeba, itapita siku ya kwanza, tarehe 8. Ndivyo tulivyoambiwa.

Kabla watu hawajatawanyika nikapanda juu ya jiwe. Nikasema: mwaka jana kolera ilipita hapa, mumesahau? Claudette huyu, muuza samaki wa ndagala, alilala wiki nzima kwenye hema la wagonjwa, mtoto mapajani. Basi sikieni. Atakayerudisha uchafu ndani ya maji, nitataja jina lake kwenye salongo, mdomo wazi. Na mwezi mzima hachoti maji kwetu, haaniki ndagala kwetu. Nani hataki? Wote wakapiga makofi.

Révérien, shefu wetu wa avenyu, akaandika kwenye karatasi. Alikuja na filimbi na viatu vyeupe. Akapiga filimbi, akapiga picha, akaenda. Huyo ndiye mkubwa wetu.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Mzee mmoja wa kanisa amekula muwa baada ya ibada, maganda ametema mbele ya mlango wa Mungu. Nikamwambia aokote. Akasema: Mama Frédéric, leo si salongo. Nikaokota minye, nikamwekea ndani ya kofia yake.

Siku ya kwanza, tarehe 8

Kamyo haikuja. Nilikaa barabarani tangu asubuhi kwenye kiti changu, kama nauza kitu. Mvua. Ziwa limepanda tena, limefika kwenye vyoo vya watu wa chini. Révérien anasema kesho.

Siku ya pili, tarehe 9

Haikuja. Révérien anasema haina mafuta. Kesho ya huyu mtu ni ndefu!

Na mifuko imebaki kumi na tisa. Kumi na miwili imekwenda wapi? Nimezaliwa hapa Uvira, nimeona watu wakiiba kuku, mabati, hata msalaba wa makaburini. Nani anaiba uchafu?

Siku ya tatu, tarehe 10

Leo nimejiaibisha. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuta mifuko mitano nyuma ya pahali Claudette anapoanika ndagala zake. Mifuko myeupe kama yetu, imepangwa karibu na maji. Damu ikapanda, hata kitenge changu sikukitafuta. Nikapiga kelele watu wote wakasikia: weye uliyepona kolera, weye ndiye unarudisha! Nitakutaja siku ya posho!

Claudette hakupiga kelele. Alifuta mikono, akasema: Mama Frédéric, fungua. Nikafungua wa kwanza. Ndagala kavu. Wa pili, ndagala. Akasema: fungua yote, usichoke, si weye iko na kazi ya kuangalia. Wamama wakacheka. Hata yule mzee kiziwi alicheka!

Sikusema pole. Nilisema: basi, sawa. Nikaenda. Njiani neno "pole" lilikuwa limekwama hapa kooni na halikutoka.

Siku ya ine, tarehe 11

Barabarani hakuna hata mfuko mmoja. Yote imekwenda.

Asubuhi nilishuka kuchota. Ndoo yangu ikapanda na pampasi ndani. Nikamwaga. Nikachota tena: sashe mbili. Chupa zilikuwa zinakuja moja moja, kutoka upande wa kusini, zimepanga mstari kama watoto wa shule. Nikazifuata kandokando, maji magotini.

Zilinipeleka nyumbani kwa Frédéric. Mtoto wangu wa kwanza.

Nyuma ya nyumba yake kuna ukuta. Mifuko thelathini na moja. Frédéric ni fundi wa matofali, na ameipanga vizuri, mstari juu ya mstari, pembe zimenyooka — sijui kwa nini naandika kwamba ameipanga vizuri! Kwenye midomo ya mifuko, kitenge changu cha kijani. Ile ya chini imepasuka, na kila wimbi linachomoa kidogo, linapeleka kule tunakochota.

Frédéric alikuwa kazini. Annie, mke wake, aliniona. Aliinama, akaendelea kukamua blanketi. Nikarudi.

Siku ya tano, tarehe 12

Nimekwenda mapema kabla hajatoka. Nikamwambia: weye, nilikuzaa na kichwa au na kiatu? Akasema: Mama, usitukane kwanza. Ingia uone.

Nikaingia. Chumba cha watoto kina maji mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. Watoto watatu wamelala juu yake kama ndagala kwenye karai.

Anasema: maji iko inaingia tangu siku ya Mungu. Mchanga wa kuzuia maji nitatoa wapi na mvua hii, mutoni kumejaa. Mifuko ilikuwa inalala tu barabarani, inangoja kamyo yenu ya ndoto. Weye ulisema tusitupe mu ziwa. Sikutupa, Mama. Nimejenga.

Nimejenga! Na anasema kweli, yaani yeye anaamini. Jirani zake wawili wamekwisha kumuuliza mifuko mingine itapatikana wapi.

Nikamwambia: imepasuka, tunainywa. Akasema: nikiitoa, ukuta wa nyumba ni udongo, utayeyuka kwa siku moja tu. Chagua, Mama.

Mtoto gani anamwambia mama yake chagua?

Nimechukua Annie na watoto, wako kwangu sasa. Frédéric amekataa kuja. Mchana wote nimewaza: nikinyamaza nani atajua? Annie hawezi kumsema mume wake. Mifuko haina mdomo. Lakini jioni Claudette alipita mbele ya mlango wangu na karai lake kichwani. Akasema, bila kusimama: kesho tutasikia jina, eh, Mama Frédéric?

Sijui kama anajua. Yule mwanamke uso wake haufunguki.

Siku ya posho, tarehe 13

Naandika haraka.

Révérien alipita kabla ya filimbi. Kumbe anajua. Akasema chini chini: Mama, tutaandika "hajulikani", maneno yanaisha. Alifikiri ananisaidia. Nikamwambia: weye nenda ukafute viatu.

Leo tumekuwa wamama kumi na tisa! Hawakuja kufagia, walikuja kusikia. Nikapanda juu ya jiwe lile lile. Nikashika ufagio. Nikasema: aliyerudisha uchafu ndani ya maji ni Frédéric, mtoto wangu. Mwezi mzima hachoti kwetu. Halafu nikamtafuta Claudette kwa macho nikasema: na weye, pole kwa siku ya tatu. Imetoka ngumu kama mwiba wa samaki.

Hakuna aliyepiga makofi. Claudette alitazama chini.

Tukashuka wote. Frédéric amekaa juu ya mifuko yake, mgongo kwa ziwa, magoti yamebana. Hakutukana. Akasema tu: batoto wako kwako, sawa. Lakini hii nyumba nimeipandisha na mikono yangu, tofali kwa tofali. Mukitoa mifuko, leo jioni iko chini.

Na ni kweli. Niliangalia ule ukuta wa udongo. Umeanza kulainika pembeni.

Wamama wamesimama na majembe. Hakuna anayegusa. Mmoja akasema: Mama Frédéric, weye ndiye wa kugusa wa kwanza. Wengine wakasema eeh, ni yeye. Frédéric akaniangalia, akanyoosha mkono kama ananisaidia kupanda.

Nikawaambia nimesahau glavu, narudi mara moja.

Annie amekaa hapa mbele yangu na mtoto mgongoni, ananiangalia nikiandika. Chini kule filimbi inalia tena.

Glavu ziko ndani ya blauzi yangu tangu asubuhi. Naandika polepole.